Milango inayofunguka kwenye modeli za magari 1/24: mhimili, ukataji, bawaba na rangi

Seti nyingi za magari ya plastiki za 1/24 na 1/25 (gari halisi likipunguzwa mara 24 au 25) huja na bodi ya kipande kimoja. Mlango ni mchoro tu, mfereji mwembamba uliochorwa ubavuni. Anayetaka kuufungua kwa kawaida hukata kwanza, akatafuta bawaba baadaye, na mwishowe rangi inaziba mwanya kidogo uliokuwa umebaki. Hapa tunaanza na mhimili, yaani mstari ambao mlango unauzunguka, kwa sababu mhimili ndio unaoamua unene wa ukingo wa mlango, upana wa mwanya, umbo la bawaba na hata kipande cha dashibodi kitakachoondolewa.

Vipimo vyote ni vya 1/24, bodi yenye unene wa mm 1.5 na mlango wa urefu wa mm 45 hivi. Bodi yako ikiwa nene au nyembamba zaidi, ipime kwa kalipa na ubadilishe hesabu. Njia haibadiliki.

Gari la kuanzia

Kama hujawahi kufungua mlango hata mmoja, chagua gari ambalo bawaba zake ziko nje kwenye gari halisi. Land Rover za Series, Volkswagen Beetle na Mini za mwanzo (Mk I na Mk II) zote ziko hivyo. Mhimili ukiwa nje ya bati, ukingo wa mbele wa mlango hauna cha kugonga, na bawaba ni vipande vitatu vya bomba jembamba vilivyopangwa juu kwa chini na waya mmoja uliopita katikati. Sindano ya hospitali ya 21G, ile yenye kikonyo cha kijani, ina tundu la mm 0.51. Waya wa gitaa usiosokotwa, uzi wa G wenye unene wa mm 0.4 hivi, unaingia humo na kuzunguka bila kulegea sana. Vipande viwili vya pembeni gundisha kwenye nguzo, cha katikati kwenye mlango, au kinyume chake, mradi ufuate mpangilio mmoja kwa bawaba zote mbili. Waya mmoja mrefu upitishe kwenye bawaba ya juu na ya chini kwa pamoja wakati wa kugundisha, ukatwe baadaye. Hapo umemaliza kazi ya bawaba, na sehemu ya mhimili hapa chini unaweza kuiruka.

Magari mengi mengine yamefichwa bawaba ndani, na huko ndiko ugumu ulipo.

Milango ya kupanda juu, kama ya Mercedes-Benz 300 SL au Lamborghini Countach, iache kwa sasa. Uzito wote unaning'inia kwenye bawaba, na bila springi au msuguano wa kutosha mlango haukai juu.

Vifaa

Kwa milango miwili unahitaji:

- bomba la shaba ya njano la kipenyo cha nje mm 1.6 (inchi 1/16), tundu lake huwa karibu mm 0.87, urefu wa mm 60 unatosha
- waya wa shaba ya njano au chuma wa mm 0.8, vipande viwili vya mm 90
- karatasi za plastiki ya polistaireni za mm 0.25, 0.5 na 1.0
- kisu cha modeli chenye wembe wa ncha kali, na kisu cha kukwangulia mistari
- msumeno mwembamba kama wembe, unene mm 0.1 hadi 0.2
- drili ya mkono na biti za mm 0.5, 0.8 na 1.2
- epoksi ya dakika 5 na ile ya saa 24, gundi ya plastiki, supaglu
- sumaku za neodimiamu za mm 2 × 1, moja kwa kila mlango
- msasa namba 240, 400, 800 na 1000

Duka la vifaa vya modeli likiwa mbali, duka la dawa lipo. Sindano ya 18G, yenye kikonyo cha waridi, ina kipenyo cha nje mm 1.27 na tundu la mm 0.84. Kwa waya wa mm 0.8 inabana vizuri kuliko bomba la shaba. Nunua mpya, na kabla ya kitu chochote ondoa ncha kwa tupa au diski ya kukatia. Usiikate kwa plaizi, itabanwa na tundu litazibika. Waya wa klipu ya karatasi nao unafaa, ila klipu hutofautiana unene, kwa hiyo pima kwanza.

Plastiki nayo inapatikana nyumbani. Vikombe vya mtindi na vya kutupa vyenye alama ya pembetatu na namba 6 ni polistaireni ileile ya seti, na gundi ya plastiki huviyeyusha na kuviunganisha kabisa. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa mm 0.76, bapa na imara, lakini kwa kawaida ni PVC. Gundi ya plastiki haiishiki inavyopaswa. Tumia supaglu au epoksi.

Mhimili kwanza, kisu baadaye

Chukua karatasi ya grafu uchore gari likitazamwa kutoka juu, sehemu ya mlango na madigadi tu, kwa ukubwa mara 4. Chora unene wa bodi, mwanya kati ya madigadi na mlango, kisha weka nukta ya mhimili ndani, mbele ya mwanya, nyuma ya madigadi. Juu yake weka karatasi angavu, chora mlango peke yake, choma pini kwenye nukta ya mhimili, zungusha. Utaona kwa macho mlango unapogonga.

Mambo matatu yanashindana. Kadiri mhimili unavyokuwa ndani zaidi ya uso wa bodi, ndivyo ukingo wa mlango unavyosukumwa mbele kuelekea madigadi unapoanza kufunguka. Kadiri mhimili unavyokuwa mbele zaidi ya mwanya, ndivyo ukingo unavyotoka nje haraka kabla ya kufika kwenye madigadi. Na kadiri ukingo wenyewe ulivyo mnene, ndivyo kona yake ya ndani inavyochelewa kutoka.

Bomba la mm 1.6 likigundishwa moja kwa moja kwenye uso wa ndani wa madigadi, mhimili unakuwa mm 0.8 ndani ya uso huo, sawa na mm 2.3 kutoka uso wa nje. Hapo hatuwezi kufanya mengi. Tunachoweza kubadili ni umbali wa mhimili mbele ya mwanya na unene wa ukingo. Mwanya mdogo kabisa unaohitajika ili mlango upite bila kugusa ni huu:

- mhimili mm 4 mbele, ukingo haujapunguzwa (mm 1.5): mm 0.63
- mhimili mm 4 mbele, ukingo umepunguzwa hadi mm 0.8: mm 0.40
- mhimili mm 6 mbele, ukingo mm 0.8: mm 0.26
- mhimili mm 5 mbele, ukingo mm 0.5: mm 0.21

Mwanya wa mlango wa gari halisi ukiwa mm 5, kwa 1/24 ni mm 0.2. Magari ya zamani yana mwanya mpana zaidi, na jicho linakubali mm 0.3 bila manung'uniko. Ikifika mm 0.6 hakuna rangi itakayoficha. Kwa hiyo mstari wa mwisho katika orodha ndio tutakaoufuata: mhimili mm 5 mbele ya mwanya, ukingo wa mbele wa mlango ukichongwa kutoka ndani hadi mm 0.5.

Kwa nini usisogeze mhimili mm 8 mbele na kusahau kuchonga? Kwa sababu mlango ukiwa wazi utasimama mbali na gari. Kwa mm 5, ukifunguliwa nyuzi 70, ukingo wa mbele unakaa mm 3.2 nje ya uso wa bodi. Kwa mm 8 unakaa mm 6, ambayo kwenye gari halisi ingekuwa karibu sentimita 14. Modeli nyingi za chuma za bei nafuu za 1/18 zina kasoro hiyohiyo, na ndiyo inayozifanya zionekane kama vitu vya kuchezea milango inapofunguliwa.

Mhimili lazima usimame wima gari likitazamwa kutoka mbele na kutoka ubavuni, hata kama ubavu wa gari umejipinda. Kosa la kawaida ni kulaza bomba lifuate mkunjo wa madigadi. Bomba likilala, mlango hupanda au hushuka unapofunguka, na kona ya chini huchuna kizingiti. Weka vipande vya plastiki nyuma ya bomba hadi lisimame sawa, hata kama hilo litaongeza sehemu ya milimita kina cha mhimili. Ukiongeza kina, rudi kwenye mchoro uangalie mwanya tena.

Kuimarisha bodi na kukata

Bodi ikishatolewa milango miwili, kilichobaki kati ya mbele na nyuma ni kizingiti cha mm 3 au 4 na paa. Gari lisilo na paa halina hata hilo. Kwa hiyo kabla ya kukata, gundisha ndani ya kizingiti mti wa plastiki wa mm 2 × 2 urefu wote, na upau mwingine wa muda ukikatisha ndani ya bodi kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia, chini kidogo ya dirisha. Huo wa muda utaung'oa fremu zikishakauka. Bodi isiyoimarishwa hujikunja kidogo sana hivi kwamba huoni, mpaka siku mlango uliochongwa vizuri unapokataa kurudi mahali pake.

Bandika tepu nene ya plastiki kando ya mfereji iwe rula ya kisu. Kwangua kwa mgongo wa wembe au kisu cha kukwangulia, ukivuta kwa uzito wa kidole tu. Mapigo 40 au 60 mepesi ni kawaida. Anayekandamiza ili amalize kwa 10 ndiye ambaye kisu chake huruka na kuchora mstari katikati ya mlango. Anza na mistari iliyonyooka ya nyuma na chini, kisha mbele. Kona ziache mwisho: toboa tundu la mm 0.5 kwenye mzunguko wa kona, kwa ndani ya mstari, halafu unganisha kwa msumeno au kwa uzi wa kushonea. Uzi wa polista ukivutwa mbele na nyuma hukata plastiki kwa msuguano, na hupita kwenye kona nyembamba ambazo msumeno haufiki. Vuta polepole, ukiharakisha unayeyusha ukingo na kuuachia kishungi.

Fremu ya dirisha inahitaji uamuzi kabla ya kisu. Magari ya milango miwili yasiyo na fremu ya kioo ni rahisi, unakata hadi chini ya dirisha tu. Mlango wenye fremu unakatwa kwa kufuata mfereji wa maji wa paa, na fremu ya mm 1 inayobaki huvunjika kwa kutazamwa. Iongezee waya wa mm 0.5 kwa ndani, gundi ya supaglu, kabla ya kuitenga na bodi.

Kisu cha kukwangulia kinaondoa plastiki ya mm 0.3 hadi 0.5, ambao ndio mwanya tunaoutaka kabla ya rangi. Mfereji wa seti yako ukiwa mpana kuliko huo, dawa ni bodi mbili: kata mlango kutoka bodi moja ukiacha ziada nje ya mstari, kata tundu kwenye bodi nyingine ukiacha ziada ndani, kisha piga msasa hadi vikutane. Gharama inaongezeka mara mbili. Ndiyo njia pekee ya kupata mwanya mwembamba bila kuongeza vipande.

Ganda la mlango na fremu

Ulichonacho mkononi ni bati, bado si mlango. Chonga ukingo wa mbele kutoka ndani kwa tupa na msasa 240, mteremko wa mm 2 hadi 3 kwenda nyuma, ukomee mm 0.5. Angalia kwa kuuinua kwenye mwanga: plastiki ya rangi nyeupe ikianza kupitisha mwanga, umefika. Sehemu nyingine za ukingo ziache mm 1.

Mlango wa 1/24 una unene wa mm 3.5 hadi 5. Kuta za pembeni zitoke kwenye karatasi ya mm 0.5, ndani ya ukingo. Ukuta wa mbele urudishe nyuma mm 1.5 kutoka ukingo wa mlango. Ukiuweka sawa na ukingo, kona yake ya ndani hugonga madigadi mlango ukifika kama nyuzi 40, na utahangaika kutafuta tatizo kwenye bawaba wakati bawaba haina kosa. Pazia la ndani la mlango, lile lenye kitasa na mpini wa kioo, kwa kawaida limefinyangwa kwenye beseni la ndani la seti, yaani kipande chenye sakafu na kuta za ndani za gari. Likate kutoka huko, ulipunguze unene, uligundishe kwenye ganda mwisho kabisa, baada ya bawaba kufanya kazi.

Kwenye bodi, jenga miimo: ukanda wa mm 0.5 upana wa mm 4 ndani ya tundu, mbele, nyuma na chini. Nyuma na chini ongeza mdomo wa mm 1 ambao mlango utaegemea ukifungwa. Mdomo huo ukae ndani kiasi kwamba mlango ukiuegemea uwe sawa na bodi, na njia ya kuupata ni kuugundisha mlango ukiwa umefungwa kwa tepu mahali pake. Mwimo wa mbele unahitaji nafasi mbili za mlalo, urefu wa wima mm 1.5 kila moja, za kupitisha mikono ya bawaba. Ziache zifike hadi nyuma ya madigadi, maana mkono unafagia nafasi yote hiyo.

Sasa angalia dashibodi. Beseni na ncha za dashibodi zikifika hadi ukutani, mikono haina pa kupita. Kata kona ya mbele ya beseni mm 7 kila upande na ufupishe dashibodi kiasi kidogo. Mlango ukifungwa haionekani, na ukifunguliwa kipande cha plastiki cheusi cha mm 0.25 kinaificha.

Kukunja bawaba

Bawaba iliyofichwa haiwezi kuwa waya ulionyooka, kwa sababu mlango ukifunguka, ukingo wa nyuma wa madigadi unakuja kukaa kati ya mhimili na mlango. Waya unapaswa kuuzunguka. Umbo ni U inayotazama nje: kutoka mhimili waya unaingia ndani ya gari mm 6, unarudi nyuma mm 7, unatoka nje mm 6 hadi ndani ya bati la mlango, halafu unalala kwenye bati mm 8. Kina cha U kisipungue umbali wa mhimili mbele ya mwanya pamoja na mm 1. Kikiwa pungufu, mlango utafunguka nusu na kusimama.

Fanya bawaba zote mbili za mlango mmoja kwa waya mmoja. Pigilia misumari midogo minne kwenye ubao kwa umbo la U na kunja mkono wa juu kwa kuuzungusha humo. Kunja waya nyuzi 90 kwenda chini. Vika bomba la mm 12. Kunja tena nyuzi 90, na mkono wa chini uukunje kwenye misumari ileile. Bomba limenaswa katikati, haliwezi kudondoka, na mikono miwili inashiriki mhimili mmoja bila wewe kupima chochote. Laza kitu chote mezani: mikono yote inapaswa kugusa meza kwa pamoja. Mmoja ukielea, rekebisha kwa plaizi sasa hivi, si baada ya gundi.

Urefu wa bomba si wa kubahatisha. Waya wa mm 0.8 ndani ya tundu la mm 0.87 una uhuru wa mm 0.07. Bomba likiwa mm 12, uhuru huo unaushusha ukingo wa nyuma wa mlango karibu mm 0.3. Bomba la mm 4 linaushusha mm 0.9, na mlango utaonekana umechoka kama wa teksi ya zamani. Sindano ya 18G yenye urefu wa mm 12 inapunguza mpaka chini ya mm 0.2. Chini ya dashibodi pakiruhusu mm 15, weka 15.

Kuunganisha

Piga msasa 240 sehemu ya bomba itakayogusa plastiki na ifute kwa spiriti. Paka vaselini kidogo sana kwenye waya, mdomoni mwa bomba, ili gundi isipenye. Supaglu hapa ni adui: ni nyepesi kama maji na huvutwa ndani ya bomba ndani ya sekunde moja. Tumia epoksi ya dakika 5.

Funga mlango mahali pake kwa tepu kutoka nje, vipande vya plastiki ya mm 0.5 vikiwa vimechomekwa kwenye mwanya pande zote kama vipimo. Geuza bodi. Weka bawaba, bomba likiwa mm 5 mbele ya mwanya, lisimamishe wima, tone la epoksi juu na chini ya bomba. Ikishakaza, weka tone kwenye mikono inapolala ndani ya bati la mlango. Subiri dakika 20, toa tepu, fungua polepole. Kama kuna kinachogusa, epoksi changa bado inang'oka kwa ncha ya kisu.

Mlango ukipita vizuri, ndipo unapoongeza epoksi ya saa 24 na vipande vya plastiki vya mm 1 kupanda juu ya bomba kama tandiko. Epoksi peke yake kwenye polistaireni laini hubanduka mtu wa kwanza akifungua kwa nguvu.

Upande wa mlango fanya tofauti kidogo ukitaka kupaka rangi mlango ukiwa mbali na bodi, na unapaswa kutaka hivyo. Badala ya kugundisha mikono kwenye bati, gundisha vipande viwili vya bomba vya mm 7 ndani ya mlango, vikiwa vimelala, na mikono ichomekwe humo. Mlango unatoka na kurudi upendavyo, na unaugundisha mara moja tu mwishoni.

Kwa kufunga, chimba tundu la mm 2 kwenye mwimo wa nyuma uweke sumaku, na kwenye ukuta wa nyuma wa mlango weka kipande cha klipu ya chuma mkabala nayo. Acha hewa ya mm 0.2 hadi 0.3 kati yao. Vikigusana, sumaku ya mm 2 × 1 inavuta kwa nguvu ya kutosha kung'oa bawaba badala ya kuachia mlango. Shaba na chuma kisichoshika kutu cha sindano havivutwi vya kutosha, usijaribu kuvitumia kama kishikio.

Rangi

Praima, rangi na vanishi kwa pamoja huongeza hadi mm 0.1 kwa kila ukingo, na mwanya una kingo mbili. Ndiyo maana vipimo vya kuunganishia vilikuwa mm 0.5: baada ya rangi utabaki na mm 0.3. Kabla ya praima ya mwisho pitisha karatasi ya mm 0.5 kwenye mwanya mzima, inapokwama, msasa. Mwanya ukiwa mpana sehemu moja, ongeza ukanda wa mm 0.25 kwenye ukingo wa tundu, si wa mlango, kwa sababu wa mlango ndio unaotembea.

Mwanya usio sawa kwenye kona hurekebishwa kwa puti ya epoksi. Paka vaselini ukingo wa mlango, bandika puti kwenye ukingo wa tundu, funga mlango, futa iliyotoka nje kwa kidole chenye maji, uache saa 24. Fungua, piga msasa kidogo kupata mwanya. Osha vaselini yote kwa maji ya sabuni, maana praima haishiki juu yake na itatoka kama ngozi ya nyoka.

Rangi ya metali ipulizwe kwenye mlango na bodi siku moja, kutoka chupa moja, mlango ukiwa umesimamishwa kwa mwelekeo uleule wa gari. Mlango uliolazwa mezani na bodi iliyosimama hutoa rangi mbili tofauti, kwa vile chembe za metali hulala kufuata mpulizo.

Mlango ukikataa

Ukichubua rangi ya madigadi mwanzoni mwa kufunguka, ndani ya nyuzi 10 za kwanza, ukingo bado ni mnene au mwanya ni mdogo. Ukigonga karibu na nyuzi 40, ni ukuta wa mbele wa ganda. Ukisimama kabisa nyuzi 50 au 60 bila kuchubua, U ni fupi au mkono unagusa mwimo. Paka mkono wa bawaba rangi ya midomo, fungua, utaona alama.

Ukingo wa nyuma ukishuka unapofunguka lakini unarudi sawa ukifungwa, mhimili umelala. Ukishuka wakati wote, bomba ni fupi au tundu ni kubwa. Unaweza kulibana bomba kidogo sana katikati kwa plaizi, robo ya nguvu unayodhani inahitajika. Msuguano huo pia unaushikilia mlango ukiwa nusu wazi.

Mlango unaorudi wenyewe kama springi una mkono uliogundishwa ukiwa umekunjwa kwa nguvu. Hakuna msasa utakaousaidia. Ng'oa upande wa mlango, acha mkono upumzike, gundisha upya.

Mlango wa nyuma wa gari la milango minne una shida yake: nguzo ya katikati ni nyembamba, na mhimili hauwezi kukaa mm 5 mbele. Weka mm 3, chonga ukingo hadi mm 0.4, na mwanya unaohitajika unakuwa karibu mm 0.3 halisi, baada ya rangi. Anza basi na mm 0.55 kabla ya rangi, U iwe na kina cha mm 4, na ufunge mlango wa mbele kabla ya kujaribu wa nyuma, kwani ukingo wake wa mbele unatoka juu ya ukingo wa nyuma wa mlango huo.